Kamba ya besi ikitoka ngozi: safari toka Lubumbashi mpaka Kolwezi

Toka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni karibu kilometa 300. Munaacha nyuma bomba refu la moshi la Lubumbashi pamoja na ule mulima mweusi wa masalio ya shaba, munafika Likasi, munapita Fungurume, munavuka muto Lualaba, kisha munaingia Kolwezi. Wengi wanaijua njia hii kwa malori yake na vumbi lake. Leo tutaipita kwa namna ingine: tutatazama kitu kimoja kidogo tu, kamba nne za gitare ya besi.

Musicheke. Kila korali ya njia hii inatafuta kamba hizo, na kila mara zinaponunuliwa ni sadaka ya wakristo inayotoka: franka za mama anayeuza mboga, za baba wa kariere, za kijana anayebeba mizigo. Kwa hiyo kujua kama kamba imekufa au imechubuka tu si mambo ya wapiga gitare peke yao. Ni mambo ya nyumba yote.

LUBUMBASHI: «IKO NATOKA NGOZI!»

Tuanzie Lubumbashi. Siku ya Jumamosi, saa za mazoezi, ukipita Katuba, Kenya ao Ruashi utasikia besi toka barabarani, mbele ya kusikia sauti za waimbaji. Ingia ndani, utakuta wakati mwingine mabishano kama haya. Kijana anaonyesha gitare:

«Yaya, angalia! Kamba iko natoka ngozi. Tulilipa bei kali, sasa iko naharibika. Banatudanganya!»

Mukubwa wake anajibu: «Basi, tutoe, tutupe. Tutanunua ingine.»

Pole pole, ndugu. Tuangalie kwanza ile kamba ni kitu gani.

Kamba ya besi si chuma kimoja. Katikati kuna waya mugumu wa chuma. Juu yake kuna waya mwingine, mara nyingi chuma kilichopakwa nikeli, uliozungushwa kamba nzima kama nyoka anavyojizungusha kwenye tawi. Kati ya muzunguko na muzunguko kuna nafasi ndogo sana. Njo pale adui anapoingia: jasho lenye chumvi, mafuta ya ngozi ya vidole, vumbi. Uchafu ule ukijaa, kamba inakuwa nzito kwa mahali fulani na nyepesi kwa mahali pengine. Sauti za juu zinakufa kwanza, ule mwangaza wa kamba mupya unapotea, inabaki «du, du» kama kugonga sanduku. Kisha chumvi inaanza kula chuma, kutu inatokea.

Kwa kuzuia adui huyu, viwanda vilianza kuvika kamba koti jembamba la plastiki. Kuna namna mbili kubwa. Ya kwanza, kamba inamalizika kutengenezwa, kisha inafunikwa yote kwa utando mwembamba unaopita juu ya zile nafasi na kuzifunga. Ya pili, waya wa juu unapakwa kwanza peke yake, kisha unazungushwa. Kamba za rangi, nyeusi ao nyekundu ao za kijani, nazo zimevikwa plastiki yenye rangi.

Sasa koti lolote linachakaa mahali linapoguswa sana. Tazama suruali ya mutoto: inaanza kwa magoti. Kamba nayo inaanza kwa mahali pawili. Pa kwanza ni chini ya mukono wa kuume, pale vidole ao mediatore vinapopiga. Pa pili ni juu ya vile vijiti vya chuma vya shingo, pale mukono wa kushoto unapokandamiza. Pale utaona nyuzi nyeupe kama pamba, ao vipande vidogo vinavyobanduka. Kwa kamba ya rangi, rangi inatoka na chuma cheupe kinaonekana. Yule kijana hakudanganywa: hii ni kazi ya vidole na chuma, na hakuna koti jembamba namna ile linaloweza kuishinda siku zote.

LIKASI: ZAMANI KAMBA ZILIKUWA UCHI

Tunaenda mbele, kilometa karibu 120, tunafika Likasi, muji uliokuwa unaitwa Jadotville mpaka mwaka 1966. Wazee wa hapa wanajua kwamba mwaka 1952 muzungu mumoja mukusanya-nyimbo, Hugh Tracey, alimukuta kijana Mwenda Jean Bosco katika muji huu na kumurekodi. Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Nyimbo zake za gitare kavu zilipita mipaka, zikafika Afrika ya Mashariki na Ulaya.

Kamba za Mwenda hazikuwa na koti lolote la plastiki, kwa sababu siku zile lilikuwa halijavumbuliwa. Kamba ya chuma ilikuwa uchi, ikapata jasho, ikazeeka, ikabadilishwa siku pesa ilipopatikana. Gitare ya besi ya umeme nayo ilikuwa bado changa: Leo Fender aliitoa kule California mwaka 1951, mwaka mumoja tu mbele ya Mwenda kurekodiwa.

Basi koti lilitoka wapi? Kwa jibu tuache kidogo njia yetu, twende mbali, Marekani. Mwaka 1938, katika jimbo la New Jersey, mutaalamu wa kemia Roy Plunkett alikuwa anatafuta gazi ya kutia baridi katika frigo. Katika chupa moja ya chuma gazi ilikuwa imegeuka unga mweupe, wa kuteleza, usioshikwa na kitu. Ni ile plastiki ambayo mama wanaijua leo katika kikaango kisichoshika mayai. Mwaka 1958 Bill Gore na bibi yake Vieve walianza kiwanda ndani ya nyumba yao kule Newark, jimbo la Delaware, ili kuifanyia kazi plastiki ile. Mwaka 1969 mutoto wao Bob aliichukua ikiwa ya moto, akaivuta kwa nguvu na kwa haraka. Haikukatika. Ilirefuka karibu mara kumi, ikawa laini, yenye matundu madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Toka kiwanda hicho, mwaka 1997, zilitoka kamba za gitare zilizovikwa utando huo, zinazoitwa Elixir. Wengine walifuata, kila mumoja na koti lake.

FUNGURUME: VUMBI NA MVUA

Turudi kwetu. Toka Likasi tunaenda Fungurume. Kwa kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, mvua hakuna. Malori yanapita na vumbi jekundu linaingia kila mahali, mpaka ndani ya kanisa lenye milango ya kufungwa. Usiku wa mwezi wa sita ni baridi, muchana ni jua. Kisha mvua inaanza, na hewa yote inakuwa yenye maji mpaka mwezi wa ine.

Kwa kamba, nyakati zote mbili ni taabu. Vumbi linashikamana na mafuta ya vidole. Hewa ya mvua inasaidia chumvi ya jasho kula chuma. Tena katika korali zetu besi moja inapigwa na vijana watatu, wane, na jasho la kila mumoja ni mbalimbali. Kuna mutu ambaye kamba uchi inakufa mukononi mwake kwa juma mbili, na mwenzake anaipiga miezi.

Kwa hiyo kamba yenye koti inaweza kuwa na faida kubwa kwetu, lakini tufanye hesabu kama watu wa nyumba. Mara nyingi bei yake ni mara mbili ya kamba uchi ao kupita. Basi lazima iishi zaidi ya mara mbili. Kama korali inaitupa siku nyuzi nyeupe za kwanza zinapoonekana, imelipa mara mbili na kupata kidogo. Afadhali wangenunua kamba uchi.

KOLWEZI: SUMAKU HAISIKII PLASTIKI

Tunavuka Lualaba, tunaingia Kolwezi, muji mukubwa wa jimbo la Lualaba tangu majimbo yalipogawanywa mwaka 2015. Hapa kila mutoto anajua neno kobalti. Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na nyingi inatoka upande huu.

Vijana wa Kolwezi, mulijua kwamba shaba na kobalti ziko ndani ya gitare ya besi? Fungua mikro, kile kisanduku cheusi chini ya kamba. Ndani kuna sumaku iliyozungushwa waya mwembamba wa shaba, mara maelfu. Katika besi nyingi sumaku ile imechanganywa na aluminiumu, nikeli na kobalti, pamoja na chuma. Kamba ya chuma inapotetemeka juu ya sumaku, umeme kidogo unazaliwa katika shaba, unapita katika waya mpaka ampli, na kanisa linasikia.

Hapo njo siri ya safari yetu. Sumaku inasikia chuma. Haisikii plastiki. Koti likichubuka kidogo chini ya vidole, chuma kingali pale, kinatetemeka kama jana. Mahali palipochubuka sauti inaweza kuwa na mwangaza kidogo zaidi, basi. Kilichobadilika ni ulinzi: tangu leo jasho litaingia pale, na pale patazeeka kama kamba uchi. Kwa hiyo kutoka ngozi si kifo cha kamba. Ni mwanzo wa uzee wake.

NAMNA YA KUJUA KAMA KAMBA IMEKUFA

Kwanza, tumia sikio. Gusa kamba kidogo sana juu ya kijiti cha 12 bila kuikandamiza, upige. Itatoa sauti ya filimbi. Kisha ikandamize palepale, upige tena. Sauti mbili zipatane. Kama zamani zilipatana na sasa hazipatani, na hakuna mutu aliyegusa skrubu za gitare, kamba imechoka. Waimbaji watavutwa nayo bila kujua, na mwalimu wa korali atawagombeza bure.

Pili, tumia kidole. Kipitishe chini ya kamba, upande unaogusa vile vijiti vya shingo. Ukisikia mashimo makubwa, chuma chenyewe kimeliwa.

Tatu, tumia macho. Mahali palipochubuka, chuma kingali cheupe? Endelea kupiga. Kimekuwa cheusi ao chekundu kwa kutu? Anza kutafuta pesa.

Kama ni nyuzi nyeupe tu zinazosumbua vidole, zikate na makasi kidogo. Usizivute, utabandua na pahali pazima. Usikwangue na kisu wala wembe.

Na hapa tunasema kwa nguvu, hasa kwa vijana: MUSICHOME nyuzi zile na kiberiti. Plastiki ile, kama ni ya namna ya kikaango, ni salama ikiwa baridi. Hata kipande kikiingia tumboni kinapita. Lakini ndani ya moto inatoa moshi mubaya. Mwenye kuuvuta anaweza, saa chache nyuma, kupata homa, kutetemeka, kikohozi na kifua kubana, akafikiri ni malaria. Vilevile usivute sigara na vidole vyenye vipande vile.

Kuchemsha kamba katika maji, dawa ya wazee wetu, inafaa kwa kamba uchi: mafuta na uchafu unatoka, mwangaza unarudi kwa siku chache. Kamba yenye koti haiombi dawa ile.

Dawa ya kweli ni rahisi na haina bei. Mupiga besi anawe mikono mbele ya kupiga, na kuikausha vizuri. Akimaliza, apanguse kila kamba na kitambaa kikavu, juu na chini. Gitare iingie katika mufuko wake, isiachwe ukutani ikikula vumbi mpaka Jumapili ingine. Na karani wa korali aandike katika daftari siku kamba ilipowekwa, bei yake, na siku ilipotolewa. Kisha mutaona wenyewe, kwa jasho lenu na vumbi lenu, kama kamba ya bei kali inawafaa ao hapana.

Wazee walisema: kuuliza si ujinga. Siku kijana atakapokuja na gitare mukononi na kusema «iko natoka ngozi», musimukemee, tena musikimbilie sanduku la sadaka. Mumwambie: «Leta hapa. Piga kwanza, tusikie.»