Kolmanskop: Mji wa almasi uliomezwa na mchanga

Kusini mwa Namibia, kilomita 10 hivi kutoka mji wa bandari wa Lüderitz, kuna nyumba ambazo mchanga wa jangwa la Namib umejaa ndani hadi usawa wa madirisha. Milango haifungiki tena, na rangi za kuta bado zinaonekana. Huo ndio mji wa Kolmanskop, ambao wakazi wa mwisho waliuhama mwaka 1956.

Kwa familia yenye watoto, hapa pana mengi ya kuona kwa asubuhi moja. Kuna ukumbi uliotumika kwa michezo ya kuigiza na dansi, na uwanja wa ndani wa kuviringisha tufe na kuangusha vigongo. Kuna kiwanda cha barafu katikati ya jangwa, na hospitali iliyokuwa na mashine ya eksirei wakati hospitali nyingi za Afrika hazikuwa nayo. Maji yaliletwa kwa meli kutoka Cape Town.

Mtoto atauliza fedha za kujenga vyote hivyo zilitoka wapi. Mzazi ajiandae kwa swali hilo.

Mwaka 1908, Namibia ikiwa koloni la Ujerumani kama ilivyokuwa Tanganyika, kibarua wa reli aitwaye Zacharias Lewala alikuwa akiondoa mchanga relini. Aliokota jiwe linalong'aa. Kwa kuwa aliwahi kufanya kazi kwenye migodi ya Kimberley, Afrika Kusini, alijua ameshika nini. Alimpelekea msimamizi wake, August Stauch, ambaye alichukua leseni za kutafuta madini na kuwa tajiri. Lewala hakupewa zawadi yoyote.

Reli yenyewe ina historia nzito zaidi. Ilijengwa kwa kazi ya kulazimishwa ya mateka wa Waherero na Wanama. Wengi wao walifia kwenye kambi ya kisiwa cha Shark, palepale Lüderitz. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikiri kuwa yaliyotendwa yalikuwa mauaji ya kimbari. Kwa watoto wadogo, kisa cha Lewala kinatosha. Walio sekondari waelezwe yote, kisha wapelekwe kuona kisiwa hicho.

Hata ile eksirei ina upande wa pili. Ilitumika pia kuwakagua wafanyakazi, wengi wao Waovambo waliokuja kwa mikataba kutoka kaskazini, ili kuona kama wamemeza almasi.

Almasi kubwa zaidi zilipopatikana kusini, karibu na Mto Orange, watu walianza kuhama. Stauch naye alifariki mwaka 1947 akiwa maskini.

Kwa anayepanga safari: lala Lüderitz, kata kibali mapema na ufike asubuhi, kwani ndipo waongozaji hutembeza wageni, na mchana upepo huvuma kwa nguvu. Wavalishe watoto viatu vya kufunika miguu na kofia, na beba maji ya kutosha. Sakafu za mbao zimeoza sehemu nyingine, hivyo mtoto mdogo ashikwe mkono muda wote.

Na mkiwa ndani ya nyumba ya meneja, mkumbushe mtoto jina la Lewala. Bila jiwe aliloliokota, nyumba hiyo isingejengwa.