Kalavati la Bati na Udongo Uliolibeba

Nusu bomba zile zilipangwa nyuma ya lori moja ndani ya nyingine, kama sufuria kwenye rafu ya duka. Mwandishi wa kumbukumbu hii alikuwa darasa la nne mjini Shinyanga, mwishoni mwa miaka ya 1970, na alisimama kando ya barabara ya vumbi akizihesabu hadi zikampotea. Zote zilikuwa za bati nene lenye mawimbi, kijivu cha zinki mpya, na zimekaliana kiasi kwamba kidole hakipiti katikati. Alipoambiwa kuwa hayo ni makalavati, alikataa. Kalavati alilolijua yeye lilikuwa shimo refu chini ya barabara, pa watoto kukimbilia kivuli jua linapowaka, na mzigo ule haukuwa na shimo hata moja.

Asubuhi iliyofuata vibarua wa Ujenzi, kama watu walivyoiita wizara, walikuwa wamekwisha chimba mtaro kukatiza barabara. Nusu ya kwanza ililazwa chini, tumbo likitazama mbingu. Nusu ya pili ikafunikwa juu yake. Kingo zilikuwa zimekatwa meno, jino la nusu ya juu likaingia kwenye pengo la nusu ya chini, bolti zikapita, watu wawili wakazikaza kwa spana. Kipande cha pili kikapandishwa juu ya mwisho wa kile cha kwanza, wimbi likikalia wimbi, na hapo nyapara akawa mkali. Alitaka mdomo wa kipande kinachotangulia kupokea maji uingie ndani ya kile kinachofuata, ili maji yasikute ukingo wa kujigonga wala majani ya mtama yasipate pa kunasa. Kabla ya adhuhuri bomba la upana wa barabara nzima lilikuwa limelala mtaroni. Winchi haikuonekana.

Hesabu ya jambo lile aliipata miaka mingi baadaye. Bomba la bati la kipenyo cha sentimita 90, unene wa milimita 1.6, lina uzito wa kilo 40 hivi kwa kila mita moja ya urefu. Nusu yake ni kilo 20, mzigo ambao mtu mmoja anaubeba begani. Pete ya zege ya kipenyo hicho hicho na urefu wa mita moja, ukuta wake ukiwa wa sentimita 8, inakaribia kilo 600. Lori moja lililofika Shinyanga kwa taabu lingeweza kuleta mita nyingi za bati zilizokaliana ndani ya nafasi ndogo, au pete chache za zege ambazo hakuna kreni ya kuzishusha.

Ubunifu wenyewe ulikuwa na umri mkubwa kuliko reli ya Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928. Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari za London, ndiye aliyepata hataza ya bati la mawimbi mwaka 1829, naye aliwaza mapaa. Mwaka 1896, katika mji mdogo wa Crawfordsville, jimbo la Indiana nchini Marekani, James Watson akapata hataza ya kulipinda bati hilo kuwa bomba la kupitishia maji chini ya barabara. Kampuni ya Armco, iliyoanzishwa Ohio mwaka 1899, ikalisambaza duniani hata jina lake likageuka kuwa jina la bomba. Hadi leo wahandisi wa zamani wa Afrika Mashariki wakisema Armco, wanamaanisha kalavati la bati. Kwa nchi za mbali na bandari, umbo lililofaa zaidi lilikuwa hilo la nusu mbili zinazokaliana safarini na kushikamana mtaroni.

Siku ile, hata hivyo, kilichomshangaza mtoto kilikuja bomba lilipokwisha fungwa. Alidhani kazi imeisha. Nyapara alidhani ndiyo kwanza imeanza.

Udongo uliotoka mtaroni, mweusi na wa kunata, ulisukumwa pembeni na kuachwa. Badala yake tela likaleta kifusi chenye changarawe kutoka mlimani. Vibarua wakaanza kukipakia chini ya mbavu za bomba, mahali wanapopaita makwapa, pale bomba linapopinda kuelekea chini na koleo halifiki vizuri. Walikisukuma kwa mikono na vipini vya majembe, kisha wakakishindilia kwa vishindilio vya mti. Tabaka la kimo cha kiganja upande wa kushoto, tabaka kama hilo upande wa kulia, zamu kwa zamu, ili bomba lisisukumwe upande mmoja. Mtu aliyemwaga kifusi kwa wingi mara moja aliamriwa akitoe chote. Kazi ya kufunga bomba ilichukua asubuhi moja. Kushindilia kulichukua siku mbili.

Sababu yake imo katika tabia ya bati. Pete ya zege ni ngumu, inabeba mzigo kwa ukuta wake mpaka ipasuke. Bomba la bati linabonyea. Gurudumu likipita juu, kichwa cha bomba kinashuka kidogo na mbavu zinatanuka kidogo kuelekea nje. Zikikuta udongo ulioshindiliwa, udongo unazirudisha, na mzigo unahamia ardhini pande zote mbili. Zikikuta udongo legelege, zinaendelea kutanuka hadi kichwa kianguke. Merlin Spangler, aliyefundisha uhandisi katika chuo cha Iowa nchini Marekani, alichapisha mwaka 1941 utafiti uliogeuza jambo hili kuwa hesabu. Mabomba ya namna hii huelekea kuporomoka yanapobonyea kiasi cha asilimia 20 ya kipenyo, hivyo wabunifu wakaweka mpaka wa asilimia 5. Kwa bomba la sentimita 90, mpaka huo ni sentimita 4.5 tu.

Usukumani, kulimo Shinyanga, somo hilo ni gumu kuliko kwingineko. Wakulima wa huko wana majina ya ardhi kufuatana na mteremko: luseni, mchanga mwepesi wa juu, itogolo, ardhi kavu na ngumu ya katikati, na mbuga, udongo mweusi wa bondeni ambako watu hutengeneza majaruba ya mpunga. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliutazama mpangilio wa namna hiyo katika Afrika Mashariki miaka ya 1930 na kuupa jina la katena, linalotumika sasa duniani kote. Maji hukusanyika mbugani, kwa hiyo makalavati huhitajika mbugani. Lakini mbuga huvimba ikilowa na kupasuka ikikauka, tena hukaa na unyevu unaokula chuma. Nyapara aliyekataa udongo mweusi huenda hakumsoma Milne. Alikuwa amekwisha ona mabomba yaliyozikwa ndani yake.

Katikati ya miaka ya 1980 mtoto yule alikuwa fundi bati chipukizi huko Kahama, akitengeneza ndoo, karai na matranka ya wanafunzi. Saruji ilikuwa adimu na mabomba ya serikali hayakufika vijijini. Wazee wa kijiji kimoja walipomwomba kalavati la njia ya kwenda kituo cha kununulia pamba, alijiona anaweza. Alichukua mabati ya kuezekea, geji 28, akayaviringisha, akakata meno kwenye kingo kama alivyoona utotoni, akafunga bolti. Kwa macho, lilikuwa kalavati. Lori la kwanza la pamba lililikanyaga likawa bapa kama chapati.

Alilifukua na kulikagua kwa siku kadhaa. Kosa la kwanza lilikuwa unene: bati la geji 28 lina milimita 0.4 hivi, robo ya lile la kalavati. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi na hakuwa ameliwaza. Bati la paa huviringika kirahisi pale tu mawimbi yanapokwenda kwa urefu wa bomba, kama mkeka unavyokunjwa. Yakikaa hivyo, hayasaidii kitu dhidi ya mzigo wa juu. Katika kalavati halisi mawimbi huzunguka bomba, pete baada ya pete, kama mwili wa jongoo. Kulipinda bati kuelekea huko ni kupigana na ugumu wa bati lenyewe, na kazi hiyo inahitaji mashine ya roli ambayo Kahama ya wakati ule haikuwa nayo. Ugumu unaomshinda fundi ndio huo huo unaoshinda gurudumu.

Kijiji kikaishia kutumia mapipa ya lami, yaliyokatwa matako na kuunganishwa kwa kuchomelea. Safari hii fundi alisimamia makwapa mwenyewe. Mapipa yale, membamba kuliko kalavati lolote la kiwandani, yalivuka masika kadhaa.

Maji nayo yalikuwa yakibadilika. Tangu enzi za Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o akiwa Shinyanga hadi kifo chake mwaka 1938, mapori makubwa ya Usukuma yalifyekwa ili kumnyima mbung'o makazi, kisha pamba na ng'ombe vikafuata. Mlima usio na miti haushiki mvua, huimwaga bondeni kwa saa moja. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulirudisha ngitili, yaani malisho yanayotengwa na kuhifadhiwa, pamoja na miti katika maeneo mengi, lakini kalavati la sentimita 60 lililotosha zamani lilikuwa tayari dogo. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilivunja barabara nchi nzima. Katika njia alizopita fundi, mabomba mengi yalikutwa mazima, yameelea nje ya mtaro, barabara yao ikiwa imeondoka. Maji yalikuwa yamepenya kando ya mabomba, pale pasiposhindiliwa.

Kisha ikaja dhahabu ya migodi mikubwa. Geita ilifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Mwaka huo huo wa 2000 TANROADS, wakala wa barabara nchini, ilianza kazi. Ndani ya migodi ya wazi malori ya mawe hubeba zaidi ya tani 100, na njia zake hujengwa kwa hesabu za peke yake. Nje ya geti ndiko mambo yalikowabadilikia wananchi: matela ya mafuta, ya mitambo, ya kemikali, yakipita juu ya mabomba yaliyowekwa kwa ajili ya malori ya pamba. Kwa magari ya kawaida, kalavati la bati la sentimita 90 linataka kifusi cha angalau sentimita 30 juu ya kichwa chake. Mashine nzito zinataka karibu mita nzima. Greda likipita mara kwa mara kuchonga barabara ya vumbi, kila mara linapunguza kifuniko hicho, na ipo siku fundi alikuta mawimbi ya bomba yamechungulia katikati ya njia, yaking'aa kwa kusuguliwa na matairi.

Ukanda wa dhahabu uliongeza adui mwingine. Mawe yenye dhahabu ya huku mara nyingi yana salfaidi, na yakitolewa chini na kuachwa hewani na mvuani, maji yanayotoka humo yanaweza kuwa na asidi. Zinki huondoka kwanza, kisha chuma, kuanzia chini ya bomba ambako maji na mchanga hupita kila siku. Na pale ambapo kutu haikufika, walifika wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kwa sababu hizo zege likashinda. Saruji ilipopatikana kirahisi, pete za zege zilifyatuliwa kandokando ya barabara, na kwenye mito mikubwa yakaja makalavati ya boksi. Zege ni laini kwa ndani, hivyo katika mteremko uleule hupitisha maji karibu maradufu ya bati la mawimbi la kipenyo kilekile. TARURA, iliyoundwa mwaka 2017 kusimamia barabara za vijijini na mijini, imeongeza madaraja ya mawe ya tao, yanayosimama kwa mawe na ufundi wa wenyeji. Mabomba mapya ya plastiki ngumu nayo yanaingia, mawimbi nje, ulaini ndani. Plastiki hiyo hailiwi na kutu wala haiuziki kama chuma chakavu. Lakini inabonyea. Mawimbi ya Watson yamerudi kwa vazi jingine, pamoja na sharti lile lile la makwapa.

Miaka michache iliyopita barabara ile ya utotoni ilipanuliwa, na mwandishi alikuwapo bomba la miaka ya 1970 lilipofukuliwa. Sakafu yake ilikuwa imekwisha liwa yote, maji yakipita juu ya udongo mtupu. Mbavu na kichwa vilikuwa vya duara kabisa, bolti mahali pake, meno yameshikana. Mafundi walipoondoa bati, kifusi cha mlimani kilibaki kimesimama chenyewe, na mawimbi yamechorwa humo pete kwa pete.

Ombi lake kwa wasimamizi wa barabara za Shinyanga na Geita ni dogo. Kabla ya kukagua bomba, kagueni kifusi cha ubavuni, tabaka kwa tabaka, kila moja lisizidi sentimita 15, pande zote mbili kwa pamoja, na udongo wa mbuga ukae mbali. Na mitaro izibuliwe mwezi Oktoba, kwa sababu mvua za huku huanza Novemba.