Kitabu cha picha cha Mama Grace Ogot

Mu inchi zingine watoto wanasomaka maisha ya watu wakubwa mu vitabu vya picha. Kule Marekani, mwaka 2021, walichapa kimoja juu ya Zora Neale Hurston, mwandishi mweusi. Hapa Sanga vitabu vya namna hii ni haba. Basi tulijitengenezea chetu mu kaye: mimi niliandika, binti yetu wa myaka 10 akachora.

Tulichagua Grace Ogot wa Kenya. Picha ya kwanza: mutoto muchanga kule Asembo, mwaka 1930. Ya pili: baba yake anamusomea habari za Agano la Kale, nkambo yake anamwambia hadisi za wazee. Ya tatu: nguo nyeupe ya munganga, maana alijifunza kazi ya kutunza wagonjwa ku Mengo, Uganda, halafu London. Ya ine: kitabu chake The Promised Land, mwaka 1966. Mwaka ule ule Flora Nwapa wa Nigeria alitoa Efuru. Mbele yao romani za bamama weusi wa Afrika zilikuwa haba sana.

Kitabu kile kinatugusa. Ochola anaacha kwao kutafuta mali Tanganyika. Bibi yake Nyapol hapendi, lakini anamufuata. Shamba linazaa, jirani anaona wivu, Ochola anashikwa na ugonjwa mubaya wa ngozi. Mwisho wanaacha mali, wanarudi. Siye watu wa inchi ya migodi, nani hajui jamaa kama hii?

Binti akauliza: «Papa, Nyapol alikatalaka. Juu ya nini hawakumusikia?»

Mwaka ule franka ya minervali haikutosha. Wandugu walisema: kijana asome, binti abakie nyumbani. Mama yake akaweka kaye mbele yao: «Huyu naye alikuwa binti wa mu kijiji.» Walifungua picha moja moja, wakanyamaza. Niliuzisha kinga yangu. Sasa ninaenda ku shamba na miguu, na watoto wote wawili wanasoma.

Wazazi, kaye na kreyo haziombe utajiri. Vijana, ulizeni bankambo hadisi, muziandike. Mama Grace, aliyefariki mwaka 2015, aliandika hata mu Kiluo, luga ya kwao. Kiluba chetu nacho kinangojea nani?