Nyuki wa Nguzo ya Baraza

Mtu aliyefundisha chuo cha ualimu miaka mingi hukaa na tabia ya kuhesabu. Zamani nilihesabu madawati na wanachuo. Siku hizi nahesabu wadudu. Kila alasiri, wakati wa maua, naketi mbele ya mipasheni yangu, ile izaayo matunda ya manjano, nikiwa na daftari na saa. Maua yake hufunguka karibu na adhuhuri na kufumba jioni ile ile. Ua ambalo halikufikiwa siku hiyo ndilo limekwisha.

Katika daftari nyuki wa asali ndio wanaojaza ukurasa. Mpita njia angesema wachavushaji ni tele. Lakini watazame wanapotua: ni wadogo mno, hupita chini ya vile vijiti vitatu vya kike bila kuvigusa, na chavua huichukua kwao mzingani. Kwenye alizeti ni wafanyakazi hodari. Hapa ni wezi. Mwenye kazi ni yule nyuki mkubwa mweusi atobaye mbao, anayevuma hata mazungumzo yakakatika. Mgongo wake hupangusa chavua na kuipeleka kwenye mmea mwingine, na ni lazima iwe mwingine, maana mpasheni wa manjano haupokei chavua yake wenyewe. Huko Brazil, penye uhaba wa nyuki hawa, wakulima huchavusha kwa mkono, ua kwa ua.

Sasa huyo ndiye jirani yangu aliyetaka kummwagia mafuta ya taa, kwa kuwa ametoboa nguzo ya baraza yake. Sikumlaumu, nguzo ni fedha. Nilimweleza tu kwamba ndani ya tundu lile jike amegawa vyumba kwa unga wa mbao, kila chumba yai moja na donge la chavua na mbochi. Mayai ni machache. Ukiwaua hawarudi upesi kama nzi.

Tukapatana aipake nguzo rangi, kwani mbao zilizopakwa huwa hawazipendi, nami nikaegemeza magogo makavu ya mwembe penye uzio.

“Mwalimu,” akacheka, “walimu wenyewe nyumba hawana, wewe wawatafutia wadudu!”

Hadi leo gogo moja limetobolewa. Nguzo ya pili ya baraza pia.