Machungwa ya Mama, Muheza

Ukitoka Dar es Salaam na kushika njia ya kulia pale Segera, utafika Muheza, mji wa machungwa, chini ya milima ya Usambara ya Mashariki. Huko wengi wetu tumewaacha wazazi wetu.

Zamani tuliwapelekea fedha kwa hawala ya posta. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, hufika kabla hujamaliza chai yako. Hapo ndipo tunapojidanganya. Kila Jumapili nilimwamkia mama kwa simu, kila Jumapili alijibu, “Marahaba, sijambo mwanangu.” Nilipokwenda mwenyewe nilikuta machungwa yameoza chini ya mti, kwani hawezi tena kuinama. Vidonge vyake vya shinikizo la damu havijaguswa, maandishi hayaoni. Na fedha? Alizitoa kijana wa jirani, mwenye kuijua namba yake ya siri. (Mwaminifu, kwa bahati.)

Sasa mama mdogo humpitia kila asubuhi, nami humpigia yeye kwanza. Kwa mama siulizi tena hali. Nauliza amekula nini, na maji kachota nani. Juma lililopita alinikemea: mguu unamuuma tangu Jumatano! Nilikata tiketi siku ile ile.