Johannesburg bila jimu: mkeka, ngazi na bustani

Februari mwaka jana nilimpeleka binti yangu kliniki ya mtaa kwa ajili ya sikio, nikatoka na karatasi yangu mwenyewe. Wakati tukisubiri, nesi alinitazama akasema, "Baba, njoo nikupime na wewe." Kizulu nacho kina neno "baba", na mtu akikuita hivyo ugenini ni vigumu kumkatalia. Mashine ikaandika 162 kwa 98. Akanipumzisha, akarudia, ikawa karibu vilevile. Akauliza kazi yangu. Nikamwambia mimi ni fundi cherehani. "Basi unakaa kutwa," akasema, akaandika vidonge, na chini yake akaandika neno moja: mazoezi.

Marehemu baba yangu alianguka kwa kiharusi kule Tanga akiwa na miaka 58. Mimi nilikuwa huku Johannesburg, karatasi zangu za kusafiria hazijakamilika, sikumzika. Mwaka jana nilikuwa na miaka 49. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Wiki ile ile nikaenda kuulizia jimu moja. Vyombo vilikuwa vizuri na vijana wa pale walikuwa na adabu, lakini walitaka mkataba wa miaka miwili na akaunti ya benki ya kukatwa kila mwezi. Wengi wetu tunaoishi kwa vibali vya muda tunajua habari ya akaunti za benki ilivyo. Nikachukua kipeperushi chao, nikarudi Yeoville.

Nilipomsimulia jirani yangu, mzee mmoja wa Bukavu ambaye kwa desturi ya kwao huniita papa, alicheka. Akaniuliza kama nyumbani Tanga tulikuwa na jimu. Nikasema hapana. Akauliza kama tulikuwa wanene. Nikasema hapana.

Nikakumbuka mchakamchaka. Mliosoma shule za msingi Tanzania mnaujua: asubuhi kabla ya darasa, mistari miwili, nyimbo, vumbi, mbio za kuzunguka kijiji, kisha kurukaruka kichura na kunyoosha viungo uwanjani. Hakuna aliyelipa ada ya mazoezi. Chombo kilikuwa mwili wenyewe, na uzito wa kunyanyua ulikuwa uzito wako.

Kwanza, hewa ya hapa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani mwili wa miaka 49 bado uko darasa la tano. Nilitoka asubuhi nikikimbia kupanda barabara, na kabla sijafika kona nilikuwa nimeshika ukuta, moyo unagonga. Umri ulichangia, na uzito pia. Lakini kuna jambo la mji wenyewe ambalo mgeni anayetoka pwani anapaswa kulijua. Johannesburg ipo kwenye mwinuko wa mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila pumzi unayovuta hapa ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pumzi ya Tanga, Mombasa au Dar es Salaam. Ndugu zetu wa Nairobi hutucheka, maana kwao ni karibu vilevile. Anayekuja kutoka pwani ajipe wiki mbili au tatu za kutembea tu kabla ya kuanza kujikaza.

Jambo la pili ni majira. Juni hadi Agosti huku ni baridi kavu, na alfajiri nyingine kipimo hushuka chini ya sifuri. Desemba na Januari asubuhi ni nzuri, lakini alasiri hujaa mawingu, ngurumo na radi. Wakati huo uwanja wa wazi au chini ya mti si mahali pa kufanyia mazoezi.

La tatu mnalijua. Wengi wetu hatutembei gizani, na tangu ghasia dhidi ya wageni za 2008, 2015 na 2019, kuna siku hata mchana mtu anapima kwanza hali ya mtaa. Kwa hiyo mpango wowote wa mazoezi unaotegemea kutoka nje kila siku, huku utavunjika. Msingi lazima uwe ndani ya nyumba. Nje ni nyongeza.

Chumba hatua tatu

Aliyenifundisha hilo vizuri zaidi ni mtu wa mji huu. Nelson Mandela alifika Johannesburg mwaka 1941 akiwa kijana, na miaka ya 1950 alikuwa akifanya mazoezi ya ndondi katika ukumbi wa jamii wa Donaldson kule Orlando, Soweto. Mpaka leo, katikati ya mji, mbele ya Chancellor House ambako yeye na Oliver Tambo walikuwa na ofisi yao ya uwakili, kuna sanamu ndefu ya chuma ya Mandela akirusha ngumi. Aliitengeneza Marco Cianfanelli kutokana na picha ya Bob Gosani, mpiga picha wa jarida la Drum.

Kisha wakamfunga. Robben Island alikaa kuanzia 1964 hadi 1982, katika seli ambayo kwa mwendo wa kawaida ilivukwa kwa hatua tatu. Humo ndani, kama alivyoeleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, Jumatatu hadi Alhamisi alikuwa akikimbia papo hapo hadi dakika 45, kisha pushapu 100 za ncha za vidole, kuinua kiwiliwili 200 na kuchuchumaa 50. Ijumaa hadi Jumapili alipumzika.

Mimi si Mandela, na hesabu zile si za mtu wa presha anayeanza. Lakini nilipima sebule yetu. Baada ya kusogeza cherehani na meza ya kukatia, inabaki nafasi ya hatua nne. Nikakosa kisingizio.

Nilimrudia nesi, akanikubalia nianze polepole na nisiache vidonge. Nami naomba yeyote mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua amuulize mtaalamu kwanza. Akanipa onyo moja ambalo nalirudia kwa kila mtu: usibane pumzi unapojikaza, maana kubana pumzi hupandisha presha. Toa pumzi wakati wa kusukuma, vuta wakati wa kurudi.

Nilianza hivi, siku tatu kwa wiki, baada ya swala ya alfajiri, mkeka ukiwa bado umetandikwa:

- Kutembea papo hapo, magoti yakipanda, dakika mbili.
- Kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu, mara nane. Kiti kiegemee ukuta kisiteleze.
- Pushapu za ukutani, mara nane. Simama hatua moja kutoka ukutani, kunja viwiko, sukuma.
- Kulala chali, magoti yamekunjwa, na kuinua nyonga, mara nane.
- Kujinyoosha kama ubao, viwiko vikiwa kwenye ukingo wa kitanda, sekunde 15.

Pumzika dakika moja, rudia mara ya pili. Yote haizidi robo saa. Kila wiki niliongeza mara mbili kwa kila zoezi. Nilipofika 16 bila shida, sikuongeza tena hesabu, nilibadilisha zoezi liwe gumu zaidi. Pushapu zikahama kutoka ukutani kwenda ukingo wa meza, kisha kiti, na mwezi wa tano zikafika sakafuni. Kiti nacho kikaondoka, nikawa nachuchumaa na kuinuka bila kukitegemea. Hiyo ndiyo siri yote ya mazoezi ya uzito wa mwili: huhitaji vyuma vizito, unabadilisha pembe. Kadiri mwili unavyolala chini, ndivyo mikono inavyobeba sehemu kubwa zaidi ya uzito wako.

Tunaokaa ghorofani tuna adabu ya ziada. Fanya peku, usirukeruke. Chini yako kuna mtu aliyetoka zamu ya usiku.

Ngazi na bundi

Jumapili mchana tukaanza kutoka kifamilia, mimi, mama watoto, binti wa miaka 12 na mdogo wake wa 8. Johannesburg imejengwa juu ya matuta ya mawe, na palipo na tuta pana ngazi. Ngazi ni jimu la bure kuliko yote. Kule Westcliff kuna ngazi za mawe zaidi ya 200 zinazopanda mlima katikati ya nyumba za matajiri, na asubuhi za mwisho wa wiki utakuta watu wa kila aina wakipanda na kushuka, weupe, weusi, na mabinti wenye hijabu. Mara ya kwanza nilipumzika mara sita. Mwanangu wa miaka 8 alifika juu akanisubiri akila ndizi.

Constitution Hill nako kuna ngazi, zile ziitwazo Great African Steps, kati ya Mahakama ya Katiba na jela ya zamani ya Number Four. Zimejengwa kwa matofali ya jengo la mahabusu lililobomolewa. Gandhi alifungwa katika jela za kilima kile mwaka 1908, na Mandela alishikiliwa pale mwaka 1962. Sikwenda pale kufanya mazoezi, ni mahali pa heshima. Lakini tulipanda polepole, nikawaeleza watoto habari za watu waliotunza miili yao wakati kila kitu kingine kimechukuliwa. Binti akauliza kama waliruhusiwa viatu. Tukaingia ndani ya jela kutafuta jibu, akakuta orodha ukutani: vyakula na mavazi vilipangwa kwa rangi ya mfungwa. Alinyamaza mpaka nyumbani.

Tunapopenda zaidi ni The Wilds. Kutoka Yeoville unavuka Louis Botha Avenue na kuteremka kuelekea Houghton. Ni bustani ya mimea ya asili juu ya miamba, njia za mawe zinapanda na kushuka. Kwa miaka mingi watu waliiogopa kwa sababu ya wahalifu. Kuanzia 2014, msanii mmoja anayeishi jirani, James Delaney, alianza kukata vichaka na kukarabati njia, wengine wakamfuata, na baadaye wakatundika mitini bundi 67 wa chuma, idadi ya miaka aliyoitumikia Mandela jamii.

Bundi! Mama watoto alitaka tugeuze siku ile ile. Kwetu bundi akilia juu ya paa, watu huulizana nani mgonjwa. Watoto walimshinda kwa hesabu, walitaka kuwaona wote 67. Basi tukawa tunapanda na kushuka kuwahesabu, na mtu anayetafuta bundi hajui kwamba anafanya mazoezi. Tulifika 41 siku ile. Mama watoto sasa ndiye anayeshika daftari la hesabu, ingawa bado anapita chini yao akisoma dua. Tunakwenda mchana, tukiwa wengi, simu moja tu mfukoni.

Jumamosi ya Delta

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili za kuimarisha misuli. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji kama dakika 60 kila siku. Robo saa zangu tatu zilitimiza misuli tu. Dakika zilizobaki nazipata kwa kutembea, kushuka teksi vituo viwili kabla, na kwa Jumamosi moja ya mwezi kule Delta Park.

Pale ndipo ilipoanzia parkrun ya kwanza ya Afrika Kusini, Novemba 2011, chini ya Bruce Fordyce, aliyeshinda mbio za Comrades mara tisa. Ni kilomita 5, bure, kila Jumamosi asubuhi. Unajiandikisha kwenye intaneti mara moja tu na kubeba msimbo wako. Hakuna aliyewahi kuniuliza kibali, na wanaotembea wanakaribishwa kama wanaokimbia. Kwa mtu aliyezoea kuulizwa karatasi kila mlango, hilo si dogo. Mara ya kwanza nilitumia dakika 58, nyuma yangu wakiwa bibi wawili na mbwa. Walinipigia makofi mwishoni utadhani nimeshinda.

Desemba, baada ya miezi kumi, nilirudi kwa nesi yule yule. Mashine ikaandika 136 kwa 84. Vidonge bado nameza, na amesema nisidanganyike, kazi hiyo tumeifanya pamoja, vidonge na mkeka. Kilo zilipungua sita tu. Lakini nainuka cherehani bila kushika meza.

Siku hizi alfajiri husikia mlango wa chumba cha watoto. Binti anakuja na soksi, anasimama pembeni ya mkeka, tunaanza kutembea papo hapo. Nimemfundisha nyimbo zetu za mchakamchaka, tunaziimba kwa sauti ya chini kwa ajili ya jirani. Amenishinda pushapu. Siku moja, karatasi zikitengemaa, nitampeleka Tanga akazuru kaburi la babu yake. Kutoka stendi hadi pale ni mwendo wa saa nzima, na tutakwenda kwa miguu.