Bibi ni Mimi

Nilifundisha Kiswahili Bariadi miaka kumi na minane kabla sijafungua duka hapa Nyashimo, kando ya barabara iendayo Musoma na Sirari. Kwa hiyo siwezi kusingizia ushamba. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwacheka wageni wanaodhani Msukuma ni mtu wa kusukuma mkokoteni. Nawaeleza kwamba kwetu sukuma ni kaskazini na dakama ni kusini, nao wanaitikia kwa adabu.

Mwaka 2016 dereva wa lori, Mkenya, mteja wangu wa siku nyingi, aliniachia bahasha yenye laki mbili na nusu. "Kesho bibi yangu atakuja kuchukua hii pesa. Usipatie mtu mwingine." Nikajiandaa kumpokea bikizee, hata kigoda nilikitoa kivulini.

Kesho yake saa tano akashuka binti kwenye basi, mtoto mgongoni. Hakuzidi miaka ishirini na mitano. Amefuata bahasha.

"Bibi mwenyewe yuko wapi?"

"Bibi ni mimi."

"Wewe ndiye bibi yake? Basi mimi ni babu yake."

Vijana wa bodaboda walicheka mpaka mmoja akainamia usukani. Nikaona raha. Hiyo raha ndiyo inayoniuma mpaka leo, kuliko hata bahasha. Nikamwita tapeli, nikamtishia mgambo. Akavuka barabara, akaketi kwenye benchi la mama muuza uji, akamfungua mtoto.

Dereva alipatikana kwenye simu saa kumi jioni.

"Mwalimu, kwani bibi hajafika?"

"Bado. Kaja msichana mmoja tapeli, nimemfukuza."

Kimya. Kisha: "Huyo ndiye bibi yangu, mwalimu. Bibi wa ndoa. Nyanya yangu alikufa zamani."

Nyanya! Zangu zilikuwa kwenye beseni mlangoni, fungu mia tano. Hilo la nyanya ningeweza kujitetea. La bibi, hapana. Nimechangia harusi ngapi, nimempigia vigelegele bibi harusi mara ngapi, na yupi kati yao alikuwa na mjukuu? Hata Bibi Titi Mohamed, ambaye habari zake nilizisimulia darasani kila mwaka, alizaliwa 1926; alipoanza kuwaongoza wanawake wa TANU mwaka 1955 hakuwa amefika hata thelathini. Maana ya yule Mkenya ilikuwa kinywani mwangu siku zote. Asubuhi ile nilikuwa na watu wa kuwachekesha, sikuitafuta.

Nilivuka barabara na bahasha mkononi. Pole niliyoiandaa ilitoka nusu. Hakuniangalia. Aliichana bahasha, akalamba kidole, akahesabu noti ishirini na tano za elfu kumi, mojamoja, mbele ya walewale vijana wa bodaboda. Akazifunga kwenye pindo la khanga, akambeba mtoto.

"Asante, babu."